Picha ya Nepal haifuti kambi za Xinjiang

Vijana wenzangu, Wauyghur wakitajwa tu, hakosi mtu wa kusema, "Hizo ni propaganda za Magharibi." Sawa, kushuku ni haki yako. Mwaka 2008, kwenye ghasia za Tibet, RTL ya Ujerumani ilionyesha picha ya polisi wa Nepal ikadai ni Tibet. Baadaye ikakiri kosa.

Lakini kosa hilo linajibu nini kuhusu Xinjiang? Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya UN, Agosti 31, 2022, haikuandikwa na runinga. Ilichambua sheria na nyaraka za China yenyewe, ikahoji watu 40, ikasema yaliyotendeka huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Beijing inasema zile ni shule za ufundi, za kupambana na ugaidi.

Ugaidi! Wallahi, sisi wa Pwani na Eastleigh neno hilo hatulijui?