Mwendo wa Kasi Njia ya Kajaga: Sheria Isigeuzwe Bei

Kutoka katikati ya jiji la Bujumbura hadi Gatumba ni safari ya kilomita 15 hivi. Barabara ya taifa namba 4 yapita katika uwanda wa Imbo, Ziwa Tanganyika likiwa upande wa kusini, yafika Kajaga, yavuka mto Rusizi, na kuishia kwenye mpaka wa Kongo, ambako msafiri huendelea hadi Uvira. Ni njia isiyo na mlima wala kona za kutisha. Dereva ateremkaye kutoka Bugarama huuona mteremko kwa macho yake, na moyo wake humwonya. Lakini dereva wa njia ya Kajaga huona lami iliyonyooka tu, na hapana kitu kimwonyacho isipokuwa kibao cha mwendo na askari aliyesimama kando ya barabara. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa polisi na wa jeshi juu ya kibao hicho, na juu ya hati ya faini inayoandikwa kwa ajili yake.

Haifai kumhukumu mtu kabla ya kumsikia; basi na tuanze na hesabu ya dereva mwenyewe. Mara nyingi gari dogo la abiria aliendeshalo si mali yake. Kila jioni humpelekea mwenye gari fedha ya siku iliyokubaliwa, hununua mafuta, na kinachobaki ndicho chake na cha utingo wake. Tangu mwaka 2021 uhaba wa mafuta umerudi mara kwa mara nchini, na dereva aliyekaa foleni siku mbili hutaka kuzifidia zote mbili katika siku ya tatu. Tena, pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria zilipopigwa marufuku katikati ya jiji mwezi Machi 2022, watu wengi zaidi walibaki wakiyategemea mabasi na magari madogo. Abiria wamejaa kituoni, mwenye gari angoja fedha yake, na mafuta ni haba. Ndipo mguu hukanyaga.

Je, mguu huo waleta faida gani? Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 15 humalizika kwa dakika 15. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, humalizika kwa dakika 10. Faida yote ni dakika tano, nazo hupotea kituoni wakati utingo angali akiita abiria wawili wa mwisho. Juu ya hayo, gari liendalo kasi hupambana na upepo mkali zaidi na hunywa mafuta mengi zaidi kwa kila kilomita. Dereva alalamikaye uhaba wa mafuta huku akikimbia ni sawa na mtu achotaye maji kwa ndoo iliyotoboka.

Sasa tutazame hasara. Dereva mwangalifu, aonapo mtoto amejitokeza barabarani, huhitaji kadiri ya nukta moja kabla mguu wake haujagusa breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari huwa limekwisha kwenda mita 14 katika nukta hiyo. Kisha, lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, huenda mita nyingine 14 kabla ya kusimama. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa jumla hiyo hufika mita 57. Na jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: pale pale ambapo gari la kilomita 50 limesimama kabisa, gari la kilomita 80 lingali likienda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mtoto yule yule, mahali pale pale, dereva mwangalifu yule yule. Mmoja ameponea chupuchupu na mwingine amegongwa kwa nguvu ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuistahimili. Na hayo ni kwa gari zima. Hiace iliyojaza watu hadi mlangoni, yenye matairi yaliyokwisha, haisimami katika mita hizo.

Njia ya Kajaga ina hatari zake yenyewe. Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako hupita upande wa kushoto wa barabara, nasi hapa Burundi twapita upande wa kulia. Basi usukani uko upande wa ukingo wa barabara, na dereva atakaye kulipita lori la mpakani hawezi kuona mbele mpaka gari lake limekwisha kuingia katika njia ya wajao. Mlango wa abiria nao, katika Hiace za namna hiyo, hufungukia katikati ya barabara badala ya ukingoni, hata mama ashukaye na beseni la ndagala hukanyaga mahali pale ambapo gari jingine linakimbia. Kando ya lami hiyo hiyo hupita waendesha baiskeli wenye mizigo, wanafunzi, na watu waendao ziwani. Usiku viboko hutoka majini kutafuta majani, na mnyama wa uzito ule hajui maana ya honi.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ijapokuwa nchi hizo hazina hata theluthi mbili za magari yote. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Shirika hilo hilo laeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Kwa hiyo wenye kulipa gharama ya haraka ya dereva kwa sehemu kubwa si waliomo garini, bali ni wale waliokuwa wakipita njia yao na hawakuwa na haraka yoyote.

Kazi ya kuwapunguzia watu mwendo si ngeni kwa polisi. Mwezi Januari 1896, huko Kent katika Uingereza, Walter Arnold alikamatwa kwa kwenda maili 8 kwa saa mahali ambapo sheria iliruhusu maili 2. Askari aliyemkamata alimfukuza kwa baiskeli. Arnold alitozwa shilingi moja pamoja na gharama za kesi. Wasomaji wetu waweza kucheka, lakini utaratibu ulikuwa kamili: palikuwa na kikomo kilichojulikana, kosa lililothibitishwa, hukumu, na faini iliyoingia mahali panapostahili. Vyombo vimebadilika tangu siku hizo, utaratibu haukubadilika.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha maneno yetu. Burundi ina sheria ya kanuni za barabarani ya mwaka 2012, na ina askari waliopewa kazi ya kuisimamia. Lakini sheria ya mwendo yaweza kufa kwa njia mbili. Yaweza kufa kwa kutokutumiwa, na yaweza kufa kwa kuuzwa. Askari asimamishaye gari, akakunja noti mkononi bila kuandika hati, hakumsamehe dereva wala hakumwadhibu. Amemuuzia ruhusa ya kukimbia. Toka hapo kikomo cha mwendo si kikomo tena. Kimekuwa bei.

Hasara ya biashara hiyo ni tatu, nasi twaomba zitazamwe moja moja. Kwanza, dereva huitia fedha hiyo katika hesabu ya siku kama atiavyo mafuta, na ili airudishe hapana budi aongeze safari, na ili aongeze safari hapana budi aongeze mwendo. Hivyo fedha iliyochukuliwa kwa jina la kuzuia kasi ndiyo inayozidisha kasi. Pili, kosa lisiloandikwa halina kumbukumbu. Dereva wa kosa la kumi huonekana sawasawa na dereva wa kosa la kwanza, mpaka siku aingiapo katika kundi la watoto. Tatu, hati ya faini ni taarifa pia. Huonyesha mahali, saa na mwendo, na hati mia zikikusanywa huwaambia wakuu wa kazi ni wapi pa kuweka kibao, tuta au askari. Mfuko wa mtu hauna taarifa yoyote ya kutoa.

Majirani zetu wamepita katika njia hii, nasi twaweza kujifunza kwao. Nchini Kenya, waziri John Michuki alitoa kanuni mwaka 2003 zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004: kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo kisichozidisha kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkanda. Yasiyotimiza yaliondolewa barabarani, na wananchi walitembea kwa miguu siku kadhaa. Nidhamu ikaonekana. Baadaye usimamizi ulilegea, vidhibiti vikachezewa na mafundi, na kasi ikarudi. Mwaka 2016 Kenya iliweka ngazi ya faini: azidishaye kilomita 1 hadi 5 aonywe, 6 hadi 10 atozwe shilingi 500, 11 hadi 15 shilingi 3,000, 16 hadi 20 shilingi 10,000. Ngazi ya namna hii ina haki ndani yake, kwa sababu aliyekosea kidogo hachanganywi na aliyekusudia, na dereva ajua mapema gharama ya kosa lake bila kuiuliza kwa askari.

Rwanda, ambao nao hupita upande wa kulia kama sisi, waliagiza mwaka 2015 magari ya abiria yafungwe vidhibiti vya kilomita 60 kwa saa, kisha wakaweka kando ya barabara kamera ambazo wananchi wamezipa jina la Sofia. Kamera hiyo haiulizi mwenye gari ni nani. Nchini Tanzania, madereva huita kipimo cha mwendo cha askari tochi, na huwashiana taa kupeana habari kwamba tochi iko mbele. Hila hiyo yafundisha jambo moja: dereva aogopaye tochi tu hupunguza mwendo kwa mita mia tano, kisha hurudia kasi yake. Basi askari aonekane shuleni, sokoni na karibu na daraja la Rusizi, mahali penye watu. Afadhali gari lipunguze mwendo kwa kumwona, kuliko likamatwe likiwa limekwisha kuua.

Lakini tusiseme juu ya madereva wa abiria peke yao. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wananchi huyaona pia magari yenye namba za serikali, na magari ya watu binafsi yanayoendeshwa na mwenye sare, yakipita Kajaga kwa mwendo ambao dereva wa Hiace angeandikiwa faini. Katika nchi nyingi sheria huyaruhusu magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi kuzidisha mwendo yakiwa kazini na yakitoa ishara za taa na king'ora. Ruhusa hiyo ni ya kazi. Si ya mtu, wala si ya kofia aliyoivaa. Afisa anayewahi nyumbani kula chakula cha mchana hana dharura, na askari mdogo ashindwaye kumsimamisha bosi wake hawezi kumtazama usoni dereva atakayemsimamisha baada yake.

Wanajeshi wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili na raia. Maelfu yao walitumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika tangu Desemba 2007, na wanajua vizuri kuliko sisi kwamba katika msafara wa kijeshi mwendo huwekwa kwa amri, nafasi kati ya gari na gari hutunzwa, na mwenye gari zuri hamwachi mwenye gari bovu nyuma. Hakuna aliyeona utiifu huo kuwa ni woga. Twauliza basi: kwa nini nidhamu iliyoheshimiwa ugenini ipotee nyumbani, kwenye barabara wanayopita watoto wetu wenyewe?

Twaona mambo manne yafaa. Kila gari lisimamishwalo kwa mwendo liandikiwe hati au onyo la maandishi, na faini ilipwe mahali pa serikali, isipite mkononi mwa askari. Faini zibandikwe vituoni, zisomwe na kila mtu, kwa Kirundi na kwa Kiswahili pia, kwa maana Kiswahili ndiyo lugha ya vituo vingi vya magari na ya gereji za Buyenzi. Na askari amweleze dereva kosa lake kwa heshima, akianza na neno ndugu. Mwenye gari naye aulizwe, kwa sababu fedha ya siku iliyopangwa kupita kiasi ni amri ya kukimbia iliyotolewa na mtu asiyekaa kwenye usukani. Na mwisho, mwenye sare akikosea aandikwe kama mwingine.

Wananchi wengi hawaingii katika ofisi za serikali hata mara moja kwa mwaka. Wanaijua serikali kwa mkono unaolisimamisha gari asubuhi wakienda kazini. Mkono huo ukiandika, abiria kumi na wanane waliomo garini hushuhudia kwamba sheria ipo. Ukikunja noti, hao hao kumi na wanane huenda kulisimulia hilo majumbani mwao jioni. Askari wa njia ya Kajaga hutoa ushahidi huo mara nyingi kwa siku, kwa upande mmoja au kwa upande mwingine, nasi twamwomba akumbuke kwamba watu wanamtazama.