Bi harusi, vileja vina aibu gani?

Leo nitasema, mwenye kununa na anune.

Juzi nimemshonea bi harusi mmoja hapa Ngamiani. Mama yake akaja kuniomba nimsubirie pesa ya mshono. Kumbe kachukua mkopo wa kikundi, kanunua makopo ya biskuti za Ulaya ya kupeleka kwa wakwe, eti vileja ni vya kimaskini. Jamani! Makopo yale mimi ninayo matatu dukani, yamejaa nyuzi na vifungo.

Na ninyi mnaoniambia biskuti za oti ndizo za kisasa: bibi wa Uskochi alioka za oti kwa kuwa oti ndiyo iliyoota shambani kwao. Sisi tuna mchele wa Mombo. Chukua nusu kilo ya unga wa mchele, robo ya samli, robo ya sukari ya kusaga, viini 4 vya mayai na iliki. Samli na sukari upige mpaka iwe nyeupe ndipo utie vingine. Huna oveni? Sufuria inatosha: makaa machache chini, mengi kidogo juu ya mfuniko. Vikianza kushika rangi chini, epua, uviache vipoe humo humo, maana vya moto vinamomonyoka.

Mkwe atakayedharau vileja ulivyovioka mwenyewe, hata kopo la dhahabu halimtoshi. Ramadhani nzima tunakatazana israfu, Mfungo Mosi tunakopa kuifanya!

Mama yule bado namdai. Na cha kikundi anakilipa kila Jumamosi.