Nusu ya gharama kwa asiye na nusu

Tarehe 29 Juni 2021, joto katika kijiji cha Lytton, jimbo la British Columbia nchini Kanada, lilifika nyuzi 49.6, rekodi ya nchi nzima. Siku iliyofuata moto ukakiteketeza karibu chote. Jimbo hilo lina mpango uitwao FireSmart: mkaguzi huikagua nyumba, mwenye nyumba huondoa vinavyoweza kushika moto, kisha halmashauri nyingi humrudishia nusu ya gharama hadi kikomo kilichowekwa. Wapo wanaohoji kwa nini kodi ya mpangaji wa Vancouver imfyekee nyasi mtu aliyechagua kuishi msituni. Swali lina haki yake, ila linasahau jinsi nyumba inavyoungua. Mtafiti Jack Cohen wa Idara ya Misitu ya Marekani alionyesha kwamba nyumba nyingi haziunguzwi na miali mikubwa ya msituni. Zinaunguzwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, zikatua kwenye majani makavu yaliyoziba mfereji wa paa, kwenye mkeka wa mlangoni, kwenye kuni zilizopangwa chini ya baraza, au zikapenya tundu la hewa la darini. Aliyewahi kuishi chini ya makuti ameshanielewa. Na nyumba ikishashika, yenyewe ndiyo inayoirushia moto nyumba ya pili. Kwa hiyo mfereji wa jirani ni mfereji wako, na hapo ndipo kodi inapopata kazi halali.

Tena dawa yenyewe si ya anasa: wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 kwenye tundu la hewa, na kokoto badala ya maganda ya miti katika ile mita moja na nusu inayozunguka ukuta. Mwaka 2018 moto uliua watu 85 katika mji wa Paradise na vitongoji vyake, California. Nyumba zilizojengwa baada ya kanuni za 2008 za ujenzi wa kukinga moto zilinusurika karibu nusu. Za zamani, chini ya moja kati ya tano. Watafiti waliochunguza baadaye walisema umbali kutoka nyumba iliyoungua nao ulichangia sana. Hilo halinipingi, linaniunga mkono: moto wa jirani ndio unaokufikia. Wanaosema sheria peke yake inatosha wakumbuke kwamba kanuni za ujenzi hubana nyumba mpya, na zinazoungua zaidi ni za zamani.

Kasoro ninayoiona katika mpango wa FireSmart ni neno kurudishiwa. Ili urudishiwe, lazima kwanza uwe umetoa. Mstaafu asiyeweza kupanda ngazi wala kumlipa fundi hana risiti ya kupeleka halmashauri, basi nyumba yake inabaki vilevile katikati ya mtaa uliosafishwa. Mkaguzi akishatoa ripoti, halmashauri imlipe fundi moja kwa moja kwa nyumba za wazee na wa kipato kidogo. Mwenye uwezo aendelee kusubiri hundi yake.