Dakika 15 za kwanza ni za jirani

Mbwa asiyejulikana mwenyewe akimuuma mtoto Mshomoroni au Mtongwe, Mombasa, dawa ya kwanza haiko hospitalini. Iko nyumbani: kipande cha sabuni, na maji yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 15 mfululizo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likilisisitiza jambo hili kwa miaka mingi, kwa kuwa virusi vya kichaa cha mbwa havistahimili sabuni, na jeraha lililooshwa mapema hupunguza sana hatari kabla chanjo haijaanza kufanya kazi. Kisha zifuate sindano, pasikosekane hata moja, maana dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Makadirio yanayotumiwa na serikali ya Kenya ni kwamba watu wapatao 2,000 hufa kwa kichaa cha mbwa nchini kila mwaka. Ugonjwa wenyewe ulirekodiwa hapa tangu 1912, na mpango wa taifa wa kuumaliza umewekewa mwaka 2030.

Ushauri wa kuosha jeraha unasemeka kwa urahisi. Lakini hapa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yaani Kisauni, Likoni na Changamwe, maji ya kutiririka dakika 15 yatatoka wapi? Mombasa hunywa maji ya mbali: ya chemchemi za Mzima, kwa bomba lililokamilika 1957, ya Baricho kando ya mto Sabaki, na ya Marere huko Kwale. Njiani hupotea mengi, na yanayofika hayafiki kila mtaa wala kila siku. Nyumba nyingi mfereji upo lakini maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, yakisukumwa kwa mkokoteni, na kila tone lina kazi yake: kupikia, kunywa, kutawadhia. Mama aliyebakiwa na mtungi mmoja jioni atasita kuumwaga wote mguuni mwa mtoto. Akisita, hana lawama. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mapema kwamba mtungi huo mmoja unatosha.

Hesabu yake ni hii. Mtungi ukitobolewa tundu dogo karibu na kitako, maji yakatoka lita moja kwa dakika, dakika 15 zitakwisha na lita 5 zitakuwa zimebaki. Asiyetaka kuharibu mtungi atumie kata, amimine polepole huku mwenzake akisugua kwa sabuni hadi ndani ya kidonda. Maji ya kisima cha mtaani, hata yenye chumvi, yanaifaa kazi hii. Pilipili, mafuta ya taa na tumbaku iliyotafunwa havifai. Kidonda cha kuumwa na mbwa hakifai kuharakishiwa nyuzi kabla hakijasafishwa na kukaguliwa na daktari.

Maji hayo hayo ndiyo dawa ya kuungua, na hapa ng'ambo watu huungua kila siku. Kuna karai la mafuta ya viazi na bajia lililowekwa kando ya njia ambako watoto wanapita mbio. Kuna jiko la makaa lililo sakafuni, kwenye chumba kimoja cha watu sita. Na kuna bodaboda, ambayo bomba lake la moshi limewaachia alama ya duara abiria wengi, chini ya goti, upande wa ndani wa mguu. Mahali palipoungua panahitaji maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, na hata saa nzima ikiwa imepita tangu ajali, bado yanasaidia. Hapa si lazima yatiririke, kwa hiyo beseni moja linatosha, mkono ukalazwa humo na maji yakageuzwa yakianza kupata joto. Barafu isiwekwe moja kwa moja juu ya ngozi.

Wengi hukimbilia dawa ya meno. Wengine hupaka yai, unga wa ngano, au mafuta ya kupikia. Nyanya anayempaka mjukuu wake dawa ya meno anafanya alilofanyiwa yeye, tena kwa mapenzi, na ubaridi anaousikia mtoto kwa muda mfupi ni wa kweli. Ila chini ya ule utando joto linaendelea kuila nyama, na mtoto akifika zahanati muuguzi hana budi kuikwangua ile dawa yote ili alione jeraha. Mtoto huumia mara mbili. Jambo hili lisemwe wazi kliniki za akina mama, madrasa na barazani, tena kwa heshima, kwa sababu mtu akichekwa kwa dawa ya nyumbani safari ijayo ataificha.

Mambo mengine ya wazee, kinyume chake, yanastahili kurudishwa mbele. Gango, vile vijiti vinavyofungwa pande mbili za kiungo kilichovunjika, ndilo wazo ambalo mwongozo wowote wa kisasa unalitaka kwa mfupa uliovunjika na hata kwa mguu ulioumwa na nyoka: kiungo kitulizwe, kisicheze. Na leso, ambayo haikosekani kwenye nyumba yoyote ya Pwani, ikikunjwa pembetatu inabeba mkono uliovunjika. Ikikunjwa nene na kugandamizwa kwenye jeraha inazuia damu. Ikichanwa vipande inafunga gango. Nyumba yenye leso safi mbili, sabuni, mkasi, kibano, bendeji ya kuvutika, pamba ya vidonda iliyofungwa, chupa ya ayodini, glavu na pakiti kadhaa za chumvi za kuongeza maji mwilini ina karibu kila kinachohitajika. Vitu hivyo vikae kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anapajua.

Baharini mambo yana sheria yake. Mvuvi wa Mtongwe anayechomwa na mwiba wa taa, au anayedungwa na tafi akimtoa wavuni, hupata maumivu ambayo hayana uwiano na udogo wa tundu. Sumu ya samaki hawa huharibiwa na joto. Mguu au mkono uzamishwe kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kukistahimili, nyuzi 45 hivi za selsiasi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na maji yajaribiwe kwanza kwa mkono mzima, kwani mguu wenye maumivu makali unaweza kubabuka bila mwenyewe kutambua. Pwani, maji ya moto hayako mbali: muuza chai anayo birikani muda wote. Inatosha wavuvi wakubaliane naye, pamoja na kikundi cha usimamizi wa ufuo, kwamba akiitwa atatoa maji na beseni bila kuulizwa maswali. Makubaliano kama hayo hayahitaji bajeti ya mtu yeyote.

Kwa konyeza, anayewatesa waogeleaji wa fuo za Shelly na Bamburi, ngozi isuuzwe kwa maji ya bahari, si ya mfereji, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yanaweza kuzifyatua chembe za sumu zilizobaki mwilini. Siki ile ile ya achari husaidia kwa baadhi ya aina. Mkojo hausaidii. Mwiba wa nyuki utolewe haraka, kwa ukucha au kwa kibano. Kuchelewa kunadhuru kuliko namna ya kuutoa. Ila mtu akivimba midomo au akaanza kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki au nyigu, hapo hakuna dawa ya nyumbani. Apelekwe hospitali mbio.

Nyoka ndiye anayeogopwa kuliko wote, na ndiye anayetibiwa vibaya kuliko wote. Pwani ya Kenya ni makao ya bafe, ambaye sumu yake huozesha nyama. Ya swila watema mate. Na ya mamba wa kijani anayeishi juu ya miembe na mikorosho na ambaye kwa kawaida humkwepa binadamu. Huko Watamu, James Ashe alianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken mwaka 1980, na mwaka 2007 wanasayansi walipotambua kwamba swila mkubwa wa kahawia wa ukanda huu ni spishi ya peke yake, walimpa jina la Ashe. Ujuzi wa nyoka, basi, upo hapa hapa Pwani. Haujavuka bado kufika kila mtaa.

Mguu ulioumwa na nyoka usifungwe kamba. Sumu ya bafe ikizuiwa mahali pamoja inazidi kuharibu, na kuna watu wanaopoteza mguu kwa ile kamba. Usichanjwe wala kunyonywa. Jiwe jeusi, ambalo kwa kawaida ni mfupa uliochomwa, hunata kwenye kidonda kwa kuwa linafyonza unyevu, lakini sumu imekwisha kuingia mwilini. Kinachotakiwa ni mgonjwa alazwe na atulizwe, pete, bangili na viatu vivuliwe kabla uvimbe haujaanza, mguu ufungwe gango, saa ya kuumwa ikumbukwe, na safari ianze. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, si aspirini, maana sumu nyingine huzuia damu kuganda. Mate ya swila yakiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi bila kusugua.

Safari hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Mgonjwa wa Likoni anayehitaji Hospitali Kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani, ana bahari mbele yake. Ambulansi hutangulizwa kwenye feri, ndiyo, lakini feri iliyoko upande wa pili haiji kwa king'ora. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya pili, ndefu, kuelekea upande wa Changamwe. Kwa vyovyote vile, dakika za mwanzo mgonjwa yuko mikononi mwa jirani, na mara nyingi gari lake la kwanza ni bodaboda.

Nchini Nepal walilitambua hilo. Katika vijiji vilivyo karibu na mji wa Damak, watu wa kujitolea wenye pikipiki walipangwa kuwabeba walioumwa na nyoka, mgonjwa akiketi katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia nyuma. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba vifo miongoni mwa walioumwa vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Likoni na Kisauni hazina upungufu wa pikipiki. Kila steji ina mwenyekiti, na madereva wake wanajua vichochoro ambavyo ambulansi haipiti. Wakifunzwa kwa siku mbili na Shirika la Msalaba Mwekundu au St John, na kila steji ikapewa sanduku lake, ng'ambo itakuwa na huduma ya dharura ambayo leo haipo kwa mpangilio wowote.

Masanduku yenyewe, kisheria, yalipaswa kuwa tele. Kila gari la abiria linatakiwa kuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka kila mwenye mahali pa kazi aliweke pahali panapofikika, na hilo linahusu maghala ya Changamwe na viwanda vidogo vya Magongo sawa na ofisi za mjini. Abiria wa matatu ana haki ya kumwomba utingo amfungulie sanduku aone kilichomo. Utingo naye, anayetoka alfajiri na kurudi usiku, ana haki ya kufundishwa kutumia kilichomo. Kwa vijana wanaookota vyuma na plastiki katika jaa la Mwakirunge, wanaokatwa na vigae na kudungwa na misumari, chanjo ya pepopunda na buti ni huduma ya kwanza kuliko bendeji yoyote.

Jirani, hata hivyo, hana uwezo wa kutoa chanjo ya kichaa cha mbwa wala dawa ya sumu ya nyoka. Hiyo ni kazi ya serikali, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza dawa yake ya sumu ya nyoka wa Afrika mwaka 2014, na shehena za mwisho ziliisha muda Juni 2016. Tangu hapo kila mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu: hospitali moja ya Ghana ilipobadilishiwa dawa ikaletewa isiyowafaa nyoka wake, vifo vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kununua kilicho rahisi bila kuuliza kimetengenezwa kwa nyoka gani ni kuwahadaa wagonjwa.

Kaunti ya Mombasa ifanye mambo mawili ambayo mwananchi anaweza kuyakagua mwenyewe. Kwanza, dawa ya nyoka inayofaa nyoka wa Afrika Mashariki, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, ziwekwe katika hospitali ya Likoni, ya Port Reitz, na upande wa Kisauni, ili mgonjwa asilazimike kuvuka maji kwa sindano ya kwanza, wala kulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa kila inayofuata. Pili, langoni mwa kila hospitali pabandikwe ubao unaoonyesha, kila Jumatatu, dawa hizo ziko ngapi na muda wake unaisha lini. Wawakilishi wa wadi za ng'ambo waulizwe kuhusu ubao huo kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.