Kompyuta wamepewa, intaneti je?

Wenzangu mlioko Maskati na Dubai mkisikia Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, mnadhani kila mtoto huku ana intaneti nyumbani. Wapi! Takwimu za Wakfu wa Mfalme Baudouin za mwaka 2020 zilionyesha kuwa kati ya kaya za kipato cha chini nchini Ubelgiji, asilimia 29 hazikuwa nayo.

Mwaka huohuo korona ilisimamisha masomo darasani. Serikali ya Flanders ikatenga yuro milioni 375 kwa mpango wa Digisprong, wanafunzi kuanzia darasa la tano wapate kompyuta. Lakini Brussels ni mji mmoja wenye wizara mbili za elimu: shule za Kiholanzi zina serikali yao, za Kifaransa zina yao. Watoto wa ghorofa moja pale Matonge wakajikuta kwenye mipango miwili tofauti, kwa sababu tu ya lugha ya shule.

Hata hivyo, mimi naona kompyuta siyo tatizo kubwa. Kompyuta unapewa mara moja, intaneti unalipia kila mwezi. Tangu Machi 2024 kampuni kubwa zinalazimika kuziuzia familia zinazostahili intaneti ya nyumbani kwa yuro 19 kwa mwezi. Ni msaada, sikatai. Ila lazima uombe, na anayeuhitaji zaidi mara nyingi hajui kama upo. Basi anabaki na bando la simu. Simu hiyohiyo ya mama ndiyo ya kuongea na ndugu Goma au Bujumbura, ndiyo ya benki, ndiyo ya kazi za shule za watoto watatu. Hebu andika insha ya kurasa nne kwenye simu uone.

Mwalimu haoni bando lililokwisha; anaona kazi haikuletwa. Na huku mwisho wa mwaka sekondari hutoa cheti A, B au C. Ukipata B unapanda darasa, lakini unafungiwa baadhi ya michepuo, na wengi huishia kuhamia ufundi. Ufundi siyo aibu, ila mtoto awe ameuchagua mwenyewe.

Mwenye ndugu huku Brussels ampigie leo, amuulize: ile ya yuro 19 umeshaomba?