KARANI WA PAROKIA: Mgonjwa wa Korona Akae Kando, Asitupwe



Watu wajao ofisini kwetu kuandikisha ubatizo au kutafuta cheti cha ndoa hawaondoki bila kuuliza na habari nyingine. Swali moja nimeulizwa mara nyingi tangu mwaka 2020, nalo si swali la kijinga hata kidogo: "Karani, ninyi mliosoma mwatuambia kwamba mwenye dalili za korona akae chumbani peke yake. Chumba kipi?"

Wana haki ya kuuliza. Mashauri mengi tuliyoyasikia redioni yalifaa watu wenye nyumba za vyumba vinne na bomba la maji ndani. Sisi tuna vyumba viwili na sebule, choo kimoja nyuma ya migomba, na watoto saba. Basi leo tuyazungumze mambo haya kama yalivyo kwetu kijijini.

Kwanza, msidhani korona imekwisha. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ile hali ya dharura ya dunia nzima imekoma, lakini virusi vyenyewe havikuondoka. Walio wengi huugua kama mafua makali, wakapona nyumbani. Lakini kwa mzee aliyepita miaka 60, au mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, mambo huweza kuwa mengine kabisa. Ni kwa ajili ya hao hasa kwamba mgonjwa hukaa kando. Kijana wa miaka 25 akikohoa hajikingi yeye. Anamkinga bibi yake.

Dalili mwazijua: homa, kikohozi, koo kuwasha, kichwa kuuma, mwili kuchoka, na pengine kukosa harufu au ladha ya chakula. Wengine huharisha. Lakini hapa sharti niseme neno ambalo wengi hulisahau. Homa ya kijijini kwetu mara nyingi ni malaria, na malaria haingoji siku kumi. Kwa hiyo mwenye homa asijifungie tu na kusema, "Hii ni korona, nitakaa." Apelekwe zahanati akiwa amefunika pua na mdomo kwa barakoa, akae nje chini ya mti mpaka aitwe, atobolewe kidole kwa kipimo cha malaria. Majibu hutoka kabla ya nusu saa. Tena kikohozi kilichopita majuma mawili kipimwe kifua kikuu. Mtu mmoja aweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Haya, turudi kwenye swali la chumba. Virusi hivi husafiri katika pumzi ya mtu anapokohoa, anaposema, anapoimba, hata anapopumua tu. Ndani ya nyumba iliyofungwa, pumzi hiyo hukaa hewani kama moshi wa jiko lisilo na dirisha. Nje, upepo huichukua. Mkishika hilo moja, mengine mtayapanga wenyewe bila karani. Kama mna vyumba viwili, mgonjwa apewe kile chenye dirisha, na wengine walale sebuleni hata kama ni kwa kubanana. Dirisha lifunguliwe. Najua madirisha mengi ya kwetu yamezibwa kwa magunia kwa sababu ya mbu, baridi na wezi. Kwa ajili ya mbu kuna chandarua. Kwa ajili ya baridi ongeza blanketi. Wezi, basi, angalau mchana liwe wazi.

Kama chumba ni kimoja tu, mchana mgonjwa asikae ndani. Tandikeni mkeka chini ya mwembe au barazani, akae huko akiota hewa. Usiku alale karibu na dirisha, wengine wawe mbali naye kwa mita moja au zaidi, na ikiwa haiwezekani, walale mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Nani asilale chumba hicho kwa vyovyote? Bibi na babu. Kwetu ni desturi wajukuu kulala na bibi yao, na ni desturi njema, lakini mjukuu akianza kukohoa ahamishwe usiku uleule, wala msingoje asubuhi.

Sahani na kikombe cha mgonjwa viwe vyake peke yake, wala asile sinia moja na wenzake. Si lazima kuvichoma moto wala kuvitupa, kama nilivyosikia wengine wakifanya. Sabuni na maji vyatosha. Asichote maji mtungini kwa mkono wake, achotewe. Karibu na choo tundikeni kibuyu chirizi, lile dumu dogo lenye kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni iliyotobolewa ikaning'inizwa kando. Watoto hupenda kulikanyaga, nanyi mtapata watu wa kunawa bila kuwafokea.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, na sioni likisemwa vya kutosha. Mtu hukaa kando ikiwa anaweza kukaa. Fikirini baba ambaye hula kwa kibarua cha siku. Mwambie akae nyumbani siku 10. Siku ya tatu unga umekwisha. Atafanya nini? Atameza vidonge, atajikaza, ataficha kikohozi na kwenda kibaruani, na huko atawaambukiza kumi. Au mama mwenye maharage yanayosongwa na magugu: mnadhani atalala akiyatazama yakifa? Mgonjwa anayelala na njaa atatoka nje. Hapa hatupaswi kumlaumu; lawama ni yetu sisi majirani tulio wazima.

Na kuna jambo baya zaidi. Wakati ule wa mwaka 2020 palikuwa na watu waliokimbiwa. Mtu akikohoa, njia ya nyumbani kwake ikaota majani; watoto wake wakanyoshewa vidole kisimani. Matokeo yake yalikuwa nini? Wengine waliona, wakajifunza kuficha. Mwenye homa akasema ni uchovu wa safari, akaenda sokoni na kanisani kama kawaida. Hofu ya kutengwa ndiyo iliyowafanya watu wasijitenge. Kukaa kando ni kazi ambayo mgonjwa anatufanyia sisi sote, na mfanyakazi hulishwa.

Basi jumuiya zetu ndogo ndogo zishike shauri hili. Habari ikifika kwamba nyumba fulani ina mgonjwa, jumuiya ichague mtu mmoja wa kupokea na kupanga, asije kila mtu na lake. Leo nyumba hii ipeleke unga, kesho ile ipeleke kuni, keshokutwa vijana wawili wapeleke madumu ya maji na kupalilia yale maharage. Wekeni kigoda au kisiki mbali kidogo na mlango. Mletaji apige hodi kutoka uani, aweke kitu, arudi nyuma hatua kadhaa, kisha mwenyeji atoke kuchukua. Hapo simameni mzungumze! Msiweke uji na kukimbia kama mliomwona nyoka. Nje, mkiwa mbali kwa hatua tatu nne, wote mmevaa barakoa, mazungumzo ya robo saa hatari yake ni ndogo sana, na faida yake mgonjwa ataikumbuka mwaka mzima. Wenye simu watumie vocha. Kumjulia mgonjwa hali ni wajibu wetu wa tangu zamani. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama tu.

Na Misa? Mgonjwa halazimiki kuhudhuria Misa ya Dominika, wala asione haya kukosa. Akizidiwa na akitaka Sakramenti, mpelekeeni padre habari mapema, tena mwambieni wazi ni ugonjwa gani, ili aje na barakoa yake. Kumficha padre ni kumtuma kwa wagonjwa wengine na virusi mfukoni.

Mhudumu wa mgonjwa awe mmoja. Awe mzima, asiwe mzee, asiwe mjamzito. Kwetu kazi hii huangukia binti mkubwa, hata akaacha shule majuma mawili, na akina baba huona ni sawa. Si sawa. Baba naye ana mikono, na kupika uji si siri ya wanawake. Mhudumu avae barakoa iliyofunika pua na mdomo anapoingia, mgonjwa naye avae, na mhudumu anawe akitoka. Nguo za mgonjwa zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Mama anayenyonyesha asimwachishe mtoto kwa sababu ya korona. Anyonyeshe, amevaa barakoa na mikono imenawa. Maziwa yake yana faida kubwa kuliko hofu.

Juu ya dawa sitasema mengi. Walio wengi hupona kwa kupumzika, kunywa maji mengi, uji na mchuzi. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ya miligramu 500: mtu mzima humeza 1 au 2, hupisha saa 6 kabla ya kumeza tena, wala hapiti vidonge 8 katika usiku na mchana mmoja. Kwa mtoto, ulizeni zahanati kipimo chake. Dawa za bakteria kama amoksilini haziui virusi. Msinunue dukani kwa kubahatisha. Mwenye kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya usawa, chumvi nusu kijiko cha chai. Na nyungu? Mvuke waweza kumfungulia mtu pua akaona nafuu, lakini hauui virusi, na chungu cha maji ya moto chini ya blanketi chaweza kumwunguza mgonjwa vibaya. Watoto wasifukizwe kabisa. Jiko la mkaa nalo lisiingizwe chumbani kwa mgonjwa hata baridi iwe kali namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Sasa mhudumu anisikilize vizuri, maana hapa ndipo maisha ya mtu yanapookolewa au kupotea. Ugonjwa huu una hila: mtu aweza kukaa siku tano sita akionekana yu nafuu, kisha akabadilika. Tena wako ambao hewa hupungua mwilini bila wao kujisikia vibaya sana. Kwa hiyo hesabu pumzi zake kila asubuhi na kila jioni. Mgonjwa ametulia, hakutoka kutembea. Tazama kifua: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, wala usimwambie unahesabu, maana mtu akijua hubadili pumzi zake. Mtu mzima aliye mzima, akitulia, huvuta pumzi 12 hadi 20. Andika ukutani kwa mkaa kama huna daftari. Zikizidi jana na juzi, toa habari zahanati. Zikipita 30, msingoje kuche. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 hatari huanza pumzi 40. Kwa wa miezi 2 hadi mwaka 1, pumzi 50.

Vilevile mchukueni upesi ikiwa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta, kifua kinambana, amechanganyikiwa, haamki vizuri, au midomo, ulimi na kucha zimegeuka rangi ya majivu au buluu. Kwa ngozi yetu nyeusi usitazame uso. Funua mdomo utazame ndani. Nauli ya pikipiki itafutwe siku ya kwanza ya ugonjwa na iwekwe mahali panapojulikana, na namba ya mwenye pikipiki iandikwe. Usiku wa manane si wakati wa kuzunguka kijijini kukopa. Hili nalo laweza kuwa kazi ya jumuiya.

Siku ni ngapi? Shauri la Shirika la Afya Duniani ni siku 10 tangu dalili ilipoanza. Hesabuni tangu dalili ya kwanza, si tangu siku mlipomwamini kwamba anaumwa. Kikohozi chepesi na uchovu vyaweza kubaki majuma kadhaa baada ya hapo, nao watu wasimkimbie kwa sababu hiyo. Waliokaa naye nyumba moja wajitazame pia: dalili huweza kutokea hata siku ya 14 tangu kuambukizwa, ingawa kwa kawaida huja mapema zaidi. Katika siku hizo wasiende kumtembelea mzee wala kubeba mtoto wa mwenzao.

Siku zikitimia, toeni godoro na mkeka juani, fagieni chumba dirisha likiwa wazi, osheni kitasa cha mlango na kigoda. Na yule baba wa kibarua asikimbilie jembe asubuhi hiyohiyo. Wengi waliofanya hivyo walirudi kulala. Aanze kwa nusu saa, kabla jua halijawa kali, akiona moyo unamwenda mbio aketi. Kesho yake aongeze kidogo. Wale vijana wawili wa maharage wampalilie juma moja zaidi.