Mzee abaki na saksafoni yake, vijana wabaki na kelele zao

Mwaka 2004 The Ex, bendi ya panki ya Uholanzi, ilitimiza miaka 25. Kwenye sherehe zake Amsterdam ikamwalika mpulizaji saksafoni kutoka Addis Ababa, Getatchew Mekuria, mzee aliyekaribia miaka 70 na aliyewahi kupigia bendi ya manispaa na ile ya polisi enzi za Haile Selassie. Aliyasikia yale magitaa yenye fujo. Hakuomba yapunguzwe sauti. Aliwaomba Waholanzi hao wawe bendi yake. Mwaka 2006 ikatoka albamu ya Moa Anbessa, jina la mzee likiwa limetangulia.

Kwa msomaji anayeijua panki ya kinyozini tu, hii nyingine ni muziki wa gitaa wa kasi uliozuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Wapigaji wake wengi hawakuwa wamesomea chombo chochote. Jazz kwa upande wake ilishakuwa na heshima zake, lakini vichochoroni hizo mbili zikakutana: mwaka 1978 James Chance wa New York alikuwa akipuliza saksafoni huku akiwarukia wasikilizaji kuzichapa nao. Bad Brains wa Washington, panki wa kutisha, walianza kama bendi ya jazz.

Mekuria hakuhitaji kufundishwa ukali huo. Tangu miaka ya 1950 alikuwa ameingiza kwenye saksafoni shilela, yaani majigambo ya wapiganaji wa Ethiopia kabla ya vita, kwa sauti inayofoka na kukwaruza. Waholanzi walimwachia sauti yake, naye akawaachia yao. Ndiyo maana mseto ule ulifaulu.

Mwambao wa Ziwa Nyasa una historia inayofanana na hiyo. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga, ng'ambo ya mto Songwe ukitokea Kyela. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walirudi makwao na gwaride na bendi za jeshi vichwani, ila tarumbeta zilibaki kambini. Wakageukia vibuyu. Kibuyu kirefu hukatwa ncha, hutobolewa tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hapulizi bali huimba ndani yake. Utando hutetemeka na sauti hutoka imepasuka. Hayo ndiyo malipenga, yanayochezwa kwa mistari ya kijeshi, kaptula na soksi ndefu nyeupe, pamoja na vyeo vya kujipa wenyewe. Wamisionari na watawala wengi hawakuipenda michezo ya namna hii, kwani haikueleweka kama waigaji walikuwa wakiheshimu jeshi au wakilicheka. Pengine vyote viwili.

Leo tatizo ni upole wetu. Ngoma, iwe malipenga ya Mbamba Bay au ing'oma ya Kyela, huitwa kumpokea mgeni rasmi, hupewa dakika tano, kisha huondolewa kumpisha DJ. Ikifika studio, "huboreshwa": kibuyu kinatoka, kinanda kinaingia, na ule mkwaruzo unasafishwa kana kwamba ni uchafu. Kinachobaki kinafaa kupigwa hotelini wakati wa chakula cha mchana.

Vijana wa Dar es Salaam walionyesha njia nyingine. Singeli ilizaliwa kwenye vigodoro vya uswahilini, ma-MC wakichana juu ya vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi. Mapigo yakapita 200 kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Wapenzi wa taarabu walikuwa na haki ya kukunja uso. Taarabu haikufa kwa hilo.

Kijana wa Kyela mwenye kompyuta na programu ya kutengenezea midundo hana haja ya kumsubiri Mholanzi. Apeleke maikrofoni kwenye mazoezi ya kikundi, aisogeze karibu na kibuyu, arekodi mkwaruzo ulivyo, kisha aweke mdundo wake mkali bila kuomba radhi. Wazee wakilalamika, wapewe nafasi ya kujibu kwa malipenga. Jina la kikundi litangulie kwenye kazi hiyo. Na ikipigwa jukwaani, wachezaji walipwe siku hiyo hiyo, kabla gari la mgeni rasmi halijaondoka.